Je, mimba zabibu inatokana na minyoo ya mbwa?

*Swali:* Daktari, shikamoo. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu. Ana miaka 19, ameolewa huku Mpwapwa kwenye familia ya wafugaji. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi mitatu alianza kutoka damu, tumbo likawa kubwa kama la miezi mitano, na alikuwa anatapika mpaka analazwa. Walipompiga picha wakasema hakuna mtoto, wakamsafisha. Vikatoka vitu kama zabibu. Kwenye karatasi wameandika "hydatidiform mole", na kwamba ana "cysts" kwenye ovari zote mbili. Sasa baba mkwe wake alipasuliwa ini miaka mitatu iliyopita, na karatasi yake imeandikwa "hydatid cyst". Yeye aliambiwa ni minyoo ya mbwa. Familia wameunganisha: mbwa wa pale nyumbani ndio walioharibu mimba, na sasa minyoo imehamia kwenye ovari. Shemeji amenunua dawa za minyoo, wamekunywa wote, na anataka kuwaua mbwa. Majirani nao wanasema ni kwa sababu alikuwa akifanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu Hombolo kabla hajaolewa. Nimetafuta "mole" kwenye simu, nikaambiwa ni fuko, yule mnyama anayechimba chini. Nimechanganyikiwa. Aliambiwa arudi kupima damu kila wiki, ameenda mara moja tu kwa sababu anajisikia mzima. Mama mkwe anataka ashike mimba nyingine haraka. Dawa ya minyoo inatosha? Atazaa?

*Jibu:* Marahaba, dada. Nianze na lisiloweza kungoja: mdogo wako arudi kupima damu wiki hii, hata kama anajisikia mzima kabisa. Sababu utaiona mbele. Hayo mengine tuyafungue moja moja, maana umeuliza vitu vingi na vyote vina maana.

Hofu ya familia, kama nimekuelewa, ni kwamba karatasi mbili kutoka nyumba moja zina neno moja, kwa hiyo ugonjwa ni mmoja. Siwacheki. Hata Ulaya kuna wakati baadhi ya madaktari waliamini kabisa kwamba vile vibofu vya maji vinavyotoka kwenye mimba ni minyoo hai. Mmoja wa waliolifungua fumbo hilo alikuwa mkunga, Marie Boivin wa Ufaransa, ambaye mwaka 1827 aliandika kwamba vibofu vile vinatokana na utando wa mimba yenyewe. Kwa hiyo ukweni kwa mdogo wako wamefika pale pale walipofika wasomi wa zamani, kwa kutumia ushahidi ule ule: macho.

Neno "hydatid" lina asili ya Kigiriki na linahusu maji, kitu kama tone au kifuko cha maji. Halimtaji mdudu yeyote. Aliyepasua ini akakuta kifuko cha maji alikiita hivyo, na aliyeona vifuko vya maji vikitoka kizazini akasema vina umbo la hivyo. Ndiyo maana ya kile kipande cha mwisho, "-iform": chenye umbo la. Karatasi ya baba mkwe inasema ni haidatidi. Karatasi ya mdogo wako inasema ni kitu kinachofanana na haidatidi kwa kukiangalia. Sisi wenyewe tunasema kidole tumbo, na hakuna aliyewahi kukivalisha pete.

Na hilo la "mole"? Simu haikukosea sana, imekupa tu neno jingine linaloandikwa vilevile. La hospitali linatoka kwenye Kilatini, *mola*, jiwe la kusagia. Watu wa kale walikuwa wakiita hivyo bonge lolote la nyama lisilo na umbo la mtoto linalokutwa kizazini. Fuko wa mashambani hahusiki.

Kwa Kiswahili tunaiita mimba zabibu. Jina zuri, linaeleweka, ila hapa Dodoma linatuletea kesi zake. Nakumbuka wodini, nesi bado ameshika beseni, na ndani yake kuna vipunje vyeupe vinavyopitisha mwanga, vingine kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama zabibu yenyewe, vinaning'inia kwenye vikonyo vyembamba. Mama wa mgonjwa akaangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, kumbe alikuwa anazila na mbegu?" Hapana. Kula zabibu, kuzichuma, kuzipogoa, kulala shambani kwenye msimu wa mavuno, hakuna hata kimoja kinacholeta mimba hii. Huko nje, ambako hakuna aliyewahi kuuona mzabibu, mimba hii ipo vilevile. Kwa makadirio ya kawaida ni kama mimba moja katika kila 1,000, na hutokea zaidi kwa wasichana wadogo sana na kwa kina mama waliovuka miaka 40, hasa 45.

Inatokeaje basi? Mimba ya kawaida hupata nusu ya chembe za urithi kutoka kwenye yai la mama na nusu kutoka kwenye mbegu ya baba, jumla kromosomu 46. Kwenye mimba zabibu kamili, yai linakuwa limepoteza fungu lake. Mbegu inaingia kwenye yai tupu na kujirudufu, au mara chache zinaingia mbegu mbili. Hesabu inatimia, 46, lakini zote ni za upande wa baba. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu mafungu haya mawili hayafanyi kazi sawa. La baba hulisukuma zaidi kondo la nyuma likue, na la mama hulizuia lisipite kiasi. Kwa kuwa umekulia huku utanielewa nikisema ni mzabibu ambao hakuna aliyeupogoa: majani tele, matawi kila upande, mavuno hakuna.

Sasa kondo lenyewe limejaa vijiti vidogo laini, kama nyuzi za zulia, vinavyofyonza maji na chakula kutoka kwenye damu ya mama. Mimba ikiwa na mtoto, mishipa ya damu huyabeba yale maji na kuyapeleka kwake. Hapa mtoto hakuna na mishipa haifanyi kazi. Maji yanaingia, hayana pa kwenda, na kila kijiti kinavimba mpaka kinakuwa kipunje. Hizo ndizo "zabibu". Ni kondo lililojaa maji. Ndani ya kipunje hakuna kichwa cha mnyoo wala yai la mnyoo, na ukikiweka chini ya hadubini utaona tishu za mimba tu.

Ipo pia mimba zabibu nusu, ambayo yai ni zima lakini mbegu zilizoingia ni mbili, kromosomu zinakuwa 69. Hiyo huweza kuwa na dalili za kijusi, lakini hakifiki popote. Maelezo yako, tumbo kubwa kuliko umri wa mimba na hakuna mtoto, yanaelekea kwenye ile kamili. Anayeamua ni mtaalamu wa maabara aliyekipima kinyama, yaani kipande cha kile kilichotolewa kizazini. Uliza kama kinyama kilipelekwa, na kama majibu yametoka, kwa sababu aina ya mimba inabadilisha mpango wa ufuatiliaji.

Naomba hapa niseme jambo kwa shemeji yako na mama mkwe, maana najua maneno yanavyozunguka. Kusema chembe zote ni za upande wa baba si kusema baba ana kasoro. Ni ajali ya siku ile ya kutunga mimba, kama mbegu ya mahindi iliyoota bila kibunzi. Mdogo wako hakufanya kitu. Mumewe hakufanya kitu. Hakuna aliyewarushia kitu.

Sasa hizo "cysts" za kwenye ovari, ambazo ndizo zimewapa watu hofu kwamba minyoo imehama. Kondo lililokua kupita kiasi hutengeneza homoni ya ujauzito kupita kiasi, ile inayoandikwa hCG kwenye majibu. Homoni hiyo ndiyo iliyomtapisha mpaka akalazwa. Kwa baadhi ya wanawake huchochea hata tezi ya shingoni, moyo ukaenda mbio, au presha ikapanda kabla ya wiki ya 20. Na huzichochea ovari zijae vifuko vya maji. Kwa hiyo kwenye karatasi moja ya mdogo wako kuna vifuko vya aina mbili, na hakuna hata kimoja chenye mdudu. Vya kwenye ovari hunywea vyenyewe homoni ikishuka, kwa kawaida ndani ya miezi michache. Msikubali haraka kupasuliwa kwa ajili ya hivyo. Ila maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, na kutapika, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu ovari nzito inaweza kujisokota.

Nirudi kwenye kipimo cha damu. Nilisema ni cha haraka.

Kusafishwa kunatoa karibu kila kitu, lakini mizizi midogo ya kondo inaweza kubaki ukutani mwa kizazi. Kwa wengi mwili huimaliza. Kwa wanawake wenye mimba zabibu kamili, kama 15 hadi 20 katika kila 100, mabaki hayo huendelea kukua. Kwa ile ya nusu ni wachache, chini ya 5. Mabaki yanaweza kuchimba kizazi, kusafiri na damu hadi mapafuni, na mara chache kugeuka saratani ya kondo. Ugumu wake ni kwamba mwanzoni hayaumi. Mtu anachota maji, anapika, anaenda mnadani. Kinachosema ukweli ni ile homoni: ikishuka kila wiki mpaka ikaisha, mabaki yanakufa, ikigoma kushuka kwa wiki tatu mfululizo, au ikaanza kupanda, kuna kitu kinakua ndani. Ndiyo maana alitakiwa arudi kila wiki, na baada ya majibu kuwa safi mara tatu, kila mwezi. Muda wa jumla unategemea aina ya mimba na kasi ya kushuka. Wengi huambiwa kama miezi sita.

Kile kijiti cha kupimia mkojo cha dukani hakitoshi, kinasema ndiyo au hapana tu. Tunachotaka ni namba. Aombe kipimo cha damu kinachotoa kiasi, na kila majibu ayaandike kwenye daftari moja pamoja na tarehe. Kama kituo cha karibu hakina kipimo hicho, aombe rufaa ya kuja Dodoma mjini. Najua nauli ya kila wiki ni mzigo, na ni haki yenu kumwambia daktari waziwazi ili apange ratiba mnayoiweza. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea wagonjwa wakiwa wameshaanza kukohoa damu, na njiani wamepita kwenye dawa za kifua kikuu ambazo hawakuzihitaji.

Na ikibainika mabaki yanakua? Zipo dawa, na huu ni miongoni mwa magonjwa ya jamii ya saratani yanayotibika vizuri kuliko yote. Mwaka 1956, huko Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz walimpa methotreksati, dawa ya saratani, mwanamke mwenye saratani ya kondo iliyokwisha kusambaa, na uvimbe ukayeyuka. Siku hizi akigunduliwa mapema hupona karibu kila mgonjwa, mara nyingi bila kuondolewa kizazi. Hapa nchini rufaa za namna hiyo huenda hospitali kubwa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam inazijua vizuri. Kwa mdogo wako bado tuko kwenye kupima tu. Msije mkaanza kulia.

Dawa ya minyoo waliyokunywa haijamdhuru, lakini haijamsaidia chochote kwa mimba zabibu. Na hata kwa ugonjwa wa baba mkwe dozi moja si tiba. Ninachoogopa ni kwamba imewapa utulivu wa uongo: "tumeshakunywa dawa, imekwisha."

Kuhusu mimba nyingine. Atazaa, panapo majaliwa. Kizazi chake kipo na ovari zake zipo. Uwezekano wa mimba zabibu kujirudia ni kama 1 hadi 2 katika 100, maana yake wengine wote waliobaki hupata mimba isiyo ya zabibu. Lakini si sasa. Mimba mpya nayo inatengeneza homoni ile ile tunayoifuatilia, na ikipanda hatutajua ni mtoto au ni mabaki. Tutakuwa vipofu wakati tunapohitaji macho. Atumie uzazi wa mpango mpaka daktari amruhusu: vidonge, sindano au vijiti vyote vinafaa. Kitanzi kisubiri mpaka homoni iishe. Mama mkwe akisikia "uzazi wa mpango" kwa bibi harusi wa miaka 19 atakunja uso, kwa hiyo nashauri siku ya kliniki shemeji aende naye, asikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari. Mambo haya yakiletwa nyumbani na mke peke yake hugeuka ugomvi. Mimba ijayo ikitunga, apigwe picha ya ultrasaundi mapema, asisubiri tumbo lionekane. Na kama hajui kundi lake la damu aulize: wenye rhesus hasi huhitaji sindano maalumu baada ya kusafishwa.

Tuje kwa mzee, maana naye ana haki ya kueleweka. Ugonjwa wake kweli unatokana na mbwa. Kuna tegu mdogo sana, milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, jina lake *Echinococcus*. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika kwenye manyoya, udongo, mboga, maji ya kisima. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akiyala pamoja na majani, mayai huanguliwa, kiluwiluwi hutoboa utumbo na kupanda na damu mpaka kwenye ini au mapafu, na hapo hujijengea kifuko cha maji. Mtu akiyameza humtokea vilevile. Kifuko hukua polepole kwa miaka, mtu asijue. Tegu wenyewe hurudi kwa mbwa pale anapokula ini lenye kifuko.

Na hapo ndipo sisi wenyewe tunapomlea. Nimesimama mnadani nje ya mji nikamwona mchinjaji akigeuza ini la mbuzi, akakuta kibofu cheupe kikubwa kama limau, akakikata vizuri kwa kisu na kumrushia mbwa aliyekuwa akisubiri chini ya meza. Mteja akapata ini safi. Mbwa akapata maelfu ya tegu.

Kwa hiyo mzee hakuambukizwa kwa kula nyama, hawezi kumwambukiza mkwewe, na tegu wake hana njia ya kugeuza mimba kuwa zabibu. Kifuko cha tegu kinaweza kutokea hata nyongani, lakini ni nadra mno, na picha pamoja na kinyama huvitofautisha. Kama alipasuliwa, aendelee kupigwa picha kama alivyoambiwa, kwa sababu vifuko huweza kurudi. Na kifuko cha haidatidi kisitobolewe ovyo: kikipasuka kinaweza kumletea mtu mzio wa kuua na kutawanya vifuko vingine tumboni. Wengine hutibiwa kwa albendazoli, dawa ya minyoo, ya muda mrefu, wengine kwa sindano maalumu ya kunyonya maji, wengine kwa upasuaji, na wengine kwa kuangaliwa tu. Inategemea kifuko kiko wapi na kimefikia hatua gani.

Ushauri mmoja kuhusu haya maneno. Huku kwetu kila kitu ni "uvimbe". Fibroidi uvimbe, kifuko cha ovari uvimbe, cha tegu uvimbe, mimba zabibu uvimbe. Ukiambiwa una uvimbe, muulize daktari: uko wapi, ndani kuna maji au nyama, na umetokana na nini. Akikujibu hayo, jina la kigeni kwenye karatasi halitakutisha.

Dalili ambazo mdogo wako asilale nazo nyumbani ni hizi: damu kurudi kwa wingi, kukohoa damu au kubanwa pumzi, maumivu makali ya tumbo, kichwa kuuma sana na macho kufifia, au kutapika kama alivyokuwa akitapika mwanzo. Yoyote kati ya hizo, aende na karatasi yake, amwambie wa kwanza atakayemwona: "Nilikuwa na mimba zabibu."

Na mbwa wale msiwaue. Mkiwaua mtaleta wengine mwezi ujao, maana zizi halilindwi na mtu peke yake. Mwiteni mtaalamu wa mifugo awape prazikwanteli, dawa ya tegu, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Maini na mapafu yenye vibofu yachomwe au yafukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, na wakipewa viungo vya ndani viwe vimechemshwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kucheza nao. Shemeji aanze na hilo leo jioni, na kesho kutwa amsindikize mkewe kupima damu.